Gari Linalosalimia Kijapani

Mwanangu Pili,

Sanduku lako nimelifunga kamba juu ya kufuli, kwa sababu kufuli ile siiamini. Mambo ya chandarua, ya sweta za baridi ya Njombe na ya kutomwazima mtu jiko lako nimeshayasema mpaka ukaanza kunijibu "ndiyo, mama" kabla sijafika mwisho, kwa hiyo humu sitayarudia. Humu nataka kukuandikia habari za gari.

Najua umeguna. Mwezi uliopita ulisema mbele ya wageni kwamba katika nyumba hii gari linatajwa kuliko marehemu baba yako, wageni wakacheka, nami nikacheka kwa sababu ni kweli. Vumilia hivyo hivyo. Kuna jambo nimelifanya ulipokuwa Dumila kumuaga shangazi yako, na mimi na Babu Rajabu tumekubaliana tusikwambie mpaka kesho. Sasa umelala chumba cha pili, umechoka na safari, na mimi siwezi kulala na jambo zuri mdomoni. Ndiyo maana naandika. Barua nitaiweka chini ya karanga kwenye begi lako la mkononi. Nakujua, karanga utazitafuta basi likishapita Ruaha Mbuyuni, na wakati huo mambo yote yatakuwa yameshatokea.

Baba yako alikuwa fundi wa karakana ya reli, na lile gari lake la kijani lilikuwa gari la watu wazima: ukiligonga, linasikia. Tangi likivuja alisugua sabuni ya mche kwenye tundu, tukaenda nalo Mikumi na kurudi. Waya ukikatika aliumenya kwa meno, akausokota, akafunga kipande cha mpira wa baiskeli. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Nakwambia, mwanangu, mtu aliyeshika tochi miaka mingi hujidanganya kwamba na yeye ni fundi. Majina ya spana zote nilikuwa nayo. Sauti ya injini inayodai oili niliitambua nikiwa jikoni. Alipofariki nililiuza lile la kijani kwa machozi, nikaendelea na kazi yangu ya kukodisha maturubai na viti, na nilipochoka kubembeleza wenye magari nikaagiza hili jeupe, la kisasa, lililotumika Japani, lenye nguvu ya kuvuta tela kwenye tope la Kisanga na Masanze wakati wa masika.

Tuliliita Bi Harusi kwa weupe wake. Baadaye jina likabaki kwa sababu ya deko zake.

Siku ya kwanza kuliwasha hapa uani, kabla injini haijatulia, sauti ya mwanamke ilitoka kwenye kioo cha redio ikasema maneno marefu ya Kijapani, kwa adabu kabisa. Mpaka leo sijui husema nini. Babu Rajabu alikuwa amesimama getini. Aliweka mkono kifuani akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na tangu siku ile hajawahi kuacha kuitikia.

Unamjua mzee wetu huyu, jirani, Msagara wa hapa hapa, na mtani wetu tangu enzi za babu zetu. Babu yangu alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge Rudewa, na kwa Babu Rajabu hilo linatosha kuniita mpagazi mpaka niingie kaburini. Alisema Mnyamwezi amezaliwa kubeba mzigo kichwani, sasa amenunua chombo cha kumbebea, ndiyo maana chombo chenyewe kimeshangaa mpaka kinaongea peke yake. Nikamjibu kwamba babu zake walipowaona wapagazi wetu walikimbilia milimani na hawajashuka hadi leo, isipokuwa yeye, naye kilichomshusha ni njaa. Tukacheka, akala, akaenda zake.

Nikaanza kulihudumia gari mwenyewe. Mjane wa fundi hapeleki gari gereji, ndivyo nilivyojiambia, na hapo ndipo kiburi kilipoingia.

Lile la kijani ukitaka kumwaga oili unalala chini, unafungua nati moja, basi. Hili lina ngao ya chuma chini ya tumbo, na juu ya ngao kuna sahani ya plastiki, na sahani hiyo imeshikwa na klipu ndogo nyeusi ambazo nadhani ziliumbwa ili zivunjike. Nilizivunja. Chujio la oili limo ndani ya kikombe, na kikombe kinataka kifunguo chake maalumu ambacho hakuna duka Kilosa nzima lililokuwa nacho. Nikakumbuka baba yako alivyokuwa akifanya chujio likikaza: nikachukua bisibisi na nyundo, nikalitoboa ili nipate pa kushikia. Kwenye gari la kijani hiyo ilikuwa njia. Kwenye hili kikombe kilipasuka, oili nyeusi ikanimwagikia kifuani, ikatiririka mpaka kwenye maturubai meupe ya harusi ya Kisanga niliyoyakunja karibu. Unaikumbuka harusi ile. Doa lilikaa juu kabisa ya vichwa vya maharusi, na shangazi wa bwana harusi akaniuliza, watu wakisikia, kama nimemtandikia turubai au tambara la gereji.

Na hayo ni ya oili tu. Pedi za breki za nyuma ukitaka kuzibadilisha, gari linataka kwanza liambiwe kwa kompyuta kwamba linabadilishwa pedi, la sivyo linang'ata na haliachii. Ukichomoa betri linasahau maisha yake yote: vioo vinagoma kushuka, redio inadai namba ya siri, tena kwa Kijapani. Hata ukimaliza kazi yako vizuri, kuna kialama cha spana cha rangi ya njano kinachobaki kinawaka pale dashibodi kukuambia hujafanya kitu, mpaka ubonyeze kitufe, ushikilie, uwashe huku umeshikilia, uachie, usubiri. Mara ngapi ulinikuta nimekaa mle ndani nimeshika kitufe, nakitukana kimoyomoyo? Niliwahi kulipiga teke tairi mpaka kidole kikavimba. Tairi halikuwa na kosa lolote.

Sasa siku ile ya mwaka jana. Siipiti kando.

Ulikuwa umeitwa kwenye usaili wa kazi Iringa. Mimi ndiye niliyesema nitakufikisha Mikumi upande basi. Tulitoka hapa alfajiri, blauzi yako uliyoipiga pasi umeitundika nyuma isije ikakunjamana. Tulipopita Ulaya, Ulaya yetu hii ya wilayani, siyo ile ya kwendea kwa ndege, taa zote za dashibodi zikawaka kwa mpigo. Gari likaishiwa nguvu, likatambaa mwendo wa mtu aliyechoka, likasimama kwenye lile karavati lenye ukingo uliovunjika. Nilifungua boneti. Niligonga hiki, nikavuta kile. Ukashuka, ukaja karibu, ukasema kwa upole, "Mama, tusimamishe gari lingine?" Nikakwambia usinichanganye. Lori likapita. Likapita na jingine. Nilikuwa naona aibu kukubali mbele ya wapita njia kwamba sijui, na aibu yangu niliilipia kwa muda wako.

Jua lilipopanda niliingia ndani kujaribu tena, nikaiona simu yako imechomekwa kuchaji. Nikaichomoa kebo kwa nguvu nikasema, "Ni hii simu yako. Unalinyonya gari umeme." Simu yako ilikuwa imeisha chaji. Haikupata moto wa kutosha hata wa kuwapigia watu wa usaili uwaambie umekwama. Tulirudi tumevutwa na trekta la mtu wa Ulaya. Njia nzima hukulia. Ulilia hapa nyumbani, ulipoitoa blauzi kwenye hanga.

Hukuwahi kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Kama ungenisema ningekujibu, tungegombana, yakaisha. Wewe ulifanya jambo moja tu: tangu siku hiyo hukuchomeka simu yako kwenye gari lile tena, hata tukienda Rudewa tu. Na ukaanza kupanga safari zako bila kunihesabu. "Usijisumbue, mama, nitapanda bodaboda." Ulisema vizuri, kwa heshima, na kila uliposema nilikuwa naona kama ninavuliwa cheo. Niliumia sana, Pili. Sikukwambia kwa sababu nilijua nimestahili.

Bi Harusi lenyewe, siku ya pili yake, liliwaka kama halijui lililotokea. Ndiyo tabia iliyoniudhi kuliko zote. Lingekuwa bovu moja kwa moja ningelielewa. Hili linakwenda Masanze na kurudi na viti vyote vya msiba, halafu siku nyingine linagoma kutoka getini. Nilimwita mtu mwenye mashine ya kupimia, mashine ikataja sensa moja, kidude kinachopima injini, nikanunua, nikafunga mwenyewe, mambo yakawa mazuri mpaka nilipojisifu kwa watu. Yakarudi. Mashine ikataja sensa ile ile. Mwingine akaja akasema basi ni kompyuta kuu ya gari, ng'oa, weka nyingine. Na mimi, nakuambia ukweli wa moyo wangu, nilifurahi kusikia hivyo. Nilitaka ubovu uwe mkubwa. Nilitaka uwe ugonjwa wa kuwashinda mabingwa, ili kushindwa kwangu mimi pale karavatini kusiwe aibu. Mwaka mzima nilitafuta ubovu unaolingana na kiburi changu, na kumbe ulikuwa mdogo.

Ikaja barua yako ya kazi ya upimaji ardhi. Ulifanya usaili mwingine, ukaenda kwa basi peke yako, ukaupata. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Kisha tukiwa tunakula nikasema, kama mtu anayeomba chumvi, kwamba nitakupeleka Mikumi mwenyewe. Uliangalia sahani yako. Ukasema umeshaongea na dereva wa bodaboda, na sanduku litafuata na gari la mizigo.

Babu Rajabu alikuwepo, maana yeye harufu ya wali humfikia akiwa kwake. Aliweka kijiko chini, akanitazama mimi badala yako. Nadhani aliona uso wangu. Akasema:

"Mpagazi, sikiliza. Gari lako likinionyesha kwamba linaweza kumfikisha mjukuu wangu Mikumi bila kuvutwa, sanduku lake nitalibeba mimi, Msagara mzima, kichwani, toka mlangoni mpaka garini, na wimbo wa babu zako nitauimba. Lisipowaka, sanduku linapita sokoni kwa mkokoteni wangu, na wewe unasukuma nyuma, umevaa nguo ya harusi."

Wewe ulicheka. Mimi nilipeana naye mkono, na moyoni nilikuwa naomba Mungu, kwa sababu jana yake tu taa zilikuwa zimewaka.

Ukaenda Dumila. Sasa yanaanza ya usiyoyajua.

Babu Rajabu alikuja kuchukua debe lake. Unajua desturi: mahindi yakishaingia ndani, mtani haombi. Anakuja na chombo chake, anaingia bandani, anajichotea, na mimi wajibu wangu ni kupiga kelele za mwizi mpaka majirani watoke wacheke. Na unajua Bi Harusi hulala wapi. Tangu lilipofika nimelilaza bandani, ubavuni mwa kihenge, na kila mavuno magunia nayapanga mbele ya pua yake. Niliogopa jua lisilichubue rangi. Baba yako lile la kijani alililaza nje kwenye umande, nami nikaona hili la kisasa linastahili heshima zaidi, lilale na chakula. Nani mwingine angefikiria hivyo kama si mtu wa mavuno kama mimi?

Mzee akaingia akiimba. Nikapiga kelele za mwizi. Kwa ukorofi wake hakuchukua gunia la juu, alivuta la chini kabisa ili yote yaporomoke nipate kazi ya kupanga upya. Gunia lilikuwa limetobolewa, na nyuma yake kulikuwa na kiota cha panya, vitoto vyekundu havijafumbua macho. Babu Rajabu akacheka mpaka akakaa chini. Alisema hata panya wa Wanyamwezi ni wa kifahari, wanalalia godoro.

Nikalitazama lile godoro. Nikaliokota, nikatoka nalo juani. Ilikuwa sufi nyeusi, laini, iliyoshikana. Pili, sufi ile niliijua. Ni blanketi lililobandikwa ndani ya boneti, ambalo lilikuwa na shimo kubwa upande wa kushoto, shimo nililoliona kwa macho yangu kila nilipofungua, na kila mara nikajisemea ni joto la injini. Nikachambua zaidi kwa kucha. Ndani ya sufi kulikuwa na makombo ya ngozi ya waya, ya bluu na ya njano.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yangu niliifua na kuipiga pasi mwaka mzima bila kuipekua. Nilikuwa nimewapangia panya chakula, kitanda na waya wa kusafishia meno. Sikumwambia mzee neno. Nilimjazia debe likafurika, nikamwongezea na la pili, mpaka akaniuliza kama naumwa.

Kesho yake nilifunga geti. Safari hii sikuanza na nyundo. Zile klipu nilizimwagia maji ya moto kwanza zikalainika, nikazitoa moja moja, nikaziweka kwenye sahani ya chai, na hakuna iliyovunjika. Unaona? Mwaka mzima zilikuwa zinavunjika kwa haraka yangu. Nililala juu ya injini kwa tumbo, na tochi, kwa kuwa hakuna wa kunishikia, niliing'ata. Nilimkumbuka sana baba yako. Nikamwambia kimoyomoyo kwamba kushika tochi pia ni kazi, naye hakuwahi kunishukuru vya kutosha.

Nyuma kabisa ya injini, mahali ambapo jicho halifiki ila mkono, nilikuta fungu la nyaya limetafunwa. Nyingine zilichubuka tu. Mmoja ulikuwa umeshikilia kwa unyuzi mmoja wa shaba. Barabara ikiwa tulivu ulikuwa unagusana, gari linakwenda. Ukifika kwenye makorongo unaachana, taa zinawaka, gari linaogopa na kusimama. Sensa zote nilizozinunua zilikuwa nzima, hata ile ya kwanza. Kompyuta ilikuwa nzima. Simu yako, mwanangu, haikuhusika hata kidogo. Nilibaki pale juu ya injini nimelala nikacheka peke yangu, kisha nikalia kidogo, kisha nikacheka tena.

Lakini usidhani nililiponya mara moja. Niliumenya ule waya kwa meno, nikausokota alivyokuwa akisokota marehemu, nikafunga tepu, nikaendesha kifua mbele kwenda Masanze. Sikufika. Taa ziliwaka nikarudi mwendo wa kobe. Zamani ningelipiga teke. Safari hii nilizima, nikakaa kwenye usukani, nikakubali jambo ambalo nilikuwa nalikwepa tangu nimebaki mjane: baba yako alikuwa sahihi kwa gari lake. Hili si gari lake. Nyaya za hili hazipeleki nguvu, zinapeleka habari, na habari haivumilii kiungo cha kubahatisha.

Nikaazima chombo cha kulehemu kwa yule fundi wa redio pale sokoni, nikajizoeza kwenye waya wa redio mbovu mpaka kiungo kikatoka laini na kinang'aa. Ndipo nikaulehemu ule wenyewe, na zile zilizochubuka nikazifunika moja moja kwa mpira mwembamba. Juu yake nikazungusha tepu niliyoipaka pilipili kichaa iliyopondwa, atakayekuja kutafuna aonje. Kisha nikasahau nikapangusa jicho. Majirani walioniuliza nalia nini niliwaambia ni uchungu wa mwanangu kuondoka. Haukuwa uongo mtupu.

Magunia yamehamia chumba cha stoo. Bi Harusi sasa linalala nje kwenye umande, kama lile la kijani.

Juzi niliondoka peke yangu kwenda Mikumi. Sikumwambia mtu. Kila korongo nililipitia makusudi, mahali pa kukwepa sikukwepa. Nilipita Ulaya, nikaliona lile karavati lenye ukingo uliovunjika. Ningeweza kupita mbio nikashukuru. Nilisimama. Nilisimama pale pale tulipokwama, Pili, nikazima injini. Makusudi. Ukimya ukawa mkubwa. Nyani walikuwa wamekaa ukingoni wakinitazama, na simu yangu haikuwa na mtandao. Nilihesabu pumzi zangu, nikasema bismillahi, nikabonyeza.

Liliwaka. Mwanamke wa Kijapani akasalimia kwa adabu zake zote, nami nikaitikia kwa sauti, "Marahaba, mwanangu, marahaba." Nikapiga vigelegele peke yangu ndani ya gari mpaka nyani wakakimbia. Nilifika Mikumi, nikaegesha mahali mabasi ya nyanda za juu yanaposimama, nikanywa chai na chapati nikiyatazama yanavyokuja na kuondoka. Wakati wa kurudi nilisimama tena pale karavatini, nikazima tena, nikawasha tena. Mara ya pili haikuwa ya kulijaribu gari. Ilikuwa raha tu.

Leo alasiri, kabla hujafika, Babu Rajabu alikuja na mkokoteni. Alikuwa ameupaka oili magurudumu, mzee yule, na amefunga utepe wa harusi kwenye mpini. Nikamwambia apande kwanza. Nilimzungusha mpaka njia ya Rudewa na kurudi, taa hazikuwaka hata moja, isipokuwa ile ya kumkumbusha afunge mkanda. Tuliporudi uani nikazima, nikawasha tena ili asikie. Sauti ikatoka. Nikamsubiri aitikie kama kawaida yake. Mzee akavua kofia, akaishika kifuani, akainamia ile dashibodi na kusema taratibu, "Shikamoo, mama."

Akashuka, akaniomba khanga ya kutengenezea kata ya kichwani. Akasema yeye ni Msagara wa kutimiza neno, ila nisimwambie mkewe. Nimempa ile ya njano. Mkewe nimeshamwambia, anakuja na majirani wote.

Sikuandikii haya nikufundishe kazi. Unakwenda kupima mipaka ya watu, nawe unajua kutazama kitu kilipo, sio kilipotakiwa kuwa. Mimi nimechelewa kulijua hilo. Nililiona shimo kwenye boneti mwaka mzima nikaliita joto, na nilikuona wewe unachukua bodaboda mwaka mzima nikaita ni utu uzima wako. Vyote viwili nilijua si hivyo. Siku ukiwa mbali, ukakosea kitu halafu mtu wa karibu akakuuliza kwa upole kama msimamishe gari lingine, nikumbuke mimi na lile karavati, ucheke, umsikilize.

Yule dereva wa bodaboda sikumkataza kuja. Nilitaka sana, nilishaishika simu, kisha nikaona kwamba huko ndiko kukuchomolea kebo mara ya pili. Atakuwepo alfajiri getini kama mlivyopatana, na Bi Harusi litakuwepo. Uchague. Ukichagua pikipiki nitakuwa nyuma yako na sanduku, na Mikumi nitafika, hilo sibishani na mtu tena.

Lakini mimi nimeyaona yatakavyokuwa, na nayaandika. Babu Rajabu alitangulia na sanduku kichwani, akiimba vibaya. Ulipanda mbele, kushoto kwangu. Gari likasalimia, ukaitikia. Kebo ulikuta nimeshaichomeka, ukachomeka simu yako bila kuniuliza, tukapita lile karavati huku inachaji. Bado umelala, mwanangu, nakusikia unavyokoroma, na hata moja la haya halijatokea. Nimeyasoma tena yote. Siyafuti.

Mama yako,
mpagazi